Uvimbe Usiouma Usipuuzwe

Askari wetu wa Rumonge, na wa pwani yote ya Ziwa Tanganyika hadi Nyanza-Lac, wengi wao ni vijana wenye nguvu. Kwa sababu hiyo, mmoja wao akiota uvimbe shingoni usiomuuma, huendelea na lindo akingoja upotee wenyewe. Tunasema waziwazi kwamba kungoja huko ni hatari.

Uvimbe huo waweza kuwa mtoki wa kawaida, au kifua kikuu cha tezi. Lakini pia waweza kuwa ugonjwa wa Hodgkin, saratani ya tezi iliyoelezwa mwaka 1832 na daktari Thomas Hodgkin wa London, ambayo huwashika sana vijana wa umri wa askari. Ukidumu zaidi ya wiki tatu, hasa pamoja na homa, kukonda na jasho jingi la usiku, sharti tezi ikatwe na kupimwa kwa darubini. Chale na majani havitaonyesha tofauti.

Saratani hii yaweza kupona hata ikiwa imeenea mwilini. Dawa hutiwa mishipani, mara nyingi kila wiki mbili kwa miezi kadhaa. Na wanaohitaji huongezewa mionzi mahali penye uvimbe. Wala haya si mambo ya Ulaya peke yake. Katika kituo cha saratani kilichofunguliwa Mulago, Kampala, mwaka 1967, watoto wenye Hodgkin walitibiwa kwa mchanganyiko wa dawa bila mionzi, na wengi walipata nafuu kamili. Mwaka 2019 Rwanda ilianza tiba ya mionzi katika hospitali yake ya kijeshi ya Kanombe.

Hata hivyo, dawa hizo huleta kichefuchefu, unyonge na kunyonyoka nywele. Tena uvimbe hunywea mapema, mgonjwa akadhani amekwisha pona, akaacha tiba. Huko ni kuacha lindo kabla ya zamu kwisha, na adui akirudi huwa mkali zaidi.

Kwa hiyo tunawataka makamanda na wakuu wa vituo vya polisi wampe mgonjwa ruhusa ya miezi, si ya siku mbili, na wasimhesabu kuwa mvivu. Wenzake nao wale naye sahani moja, kwani ugonjwa huu hauambukizi. Nawe, ndugu askari, jipapase shingo, kwapa na kinena. Ukikuta uvimbe, nenda kwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua.