Mpaka Peke Yake Haumwokoi Chui

Hapa Bujumbura, kila yanapozuka mazungumzo ya wanyama wanaotoweka, utasikia dawa ile ile: tengeni eneo, ondoeni watu, wekeni askari, na chui atapona, hata simba atarudi. Wasomi wanaamini hivyo, na wafadhili vilevile. Mimi napinga. Imani hiyo imejaribiwa katika nchi hii na imeshindwa.

Kichwa cha simba kimo kwenye ngao ya taifa letu, lakini porini hatuna simba tena. Na si kwamba hatukutenga ardhi. Ruvubu imehifadhiwa tangu 1980, na familia nyingi zilihamishwa ili nyika ile ibaki ya wanyama. Leo ndiyo hifadhi yetu kubwa kuliko zote, na katika jamii ya paka wakubwa, tumaini lililobaki ni chui tu.

Tazameni ramani mtaelewa. Ruvubu ina kilomita za mraba 508 hivi, ukanda mwembamba unaoufuata mto, katika nchi yenye watu zaidi ya 400 kwa kila kilomita ya mraba. Chui akivuka mpaka ameingia shambani kwa mtu. Akibaki ndani, anakutana na mitego ya waya. Mtego uliotegewa pongo humnasa yeyote apitaye, na hata usipomnasa chui, unamnyang'anya chakula. Mawindo yakiisha anafuata mbuzi, na kwa familia ya kilimani mbuzi ndiye karo ya mtoto na dawa ya mgonjwa. Mwenye mbuzi asipolipwa, sumu kidogo kwenye mzoga inatosha kumaliza kesi.

Sumu hiyo haiheshimu mipaka. Aprili 2018, simba 11 walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda. Wanane kati yao walikuwa watoto. Eneo lile lilikuwa hifadhi ya taifa tangu 1952.

Wanaonipinga hunielekeza Akagera, Rwanda, ambako simba saba kutoka Afrika Kusini waliachiliwa 2015 na sasa wamezaana wakawa makumi. Nami nawaelekeza huko huko. Akagera ni hifadhi tangu 1934. Baada ya 1994, wafugaji waliorejea kutoka uhamishoni waliwaua simba wake kwa sumu ili kulinda ng'ombe, mpaka wakaisha. Hadhi ya hifadhi haikuwasaidia kitu. Kabla ya simba wapya kuletwa, uzio ulikamilishwa 2013 na usimamizi wa kila siku ukapata fedha. Isitoshe, Rwanda ina mfuko wa kuwafidia walioharibiwa mali na wanyamapori, na jamii zinazopakana na hifadhi hupata asilimia 10 ya mapato ya utalii. Anayeisifu Akagera kwa uzio wake tu amesoma nusu ya habari.

Kosa kubwa la imani hii ni kumfanya mkulima kuwa adui. Sisi wa mjini tunajivunia chui bila kumlipia hata faranga. Gharama yake inabebwa na mama mmoja kilimani ambaye asubuhi amekuta zizi lina damu. Huo ni udhalimu, na hakuna mnyama atakayedumu juu ya udhalimu. Kenya, karibu na Amboseli, vijana wa Kimaasai ambao zamani wangewawinda simba, tangu 2007 wanaajiriwa kufuatilia nyayo zao na kuwaonya wafugaji. Waliotazamwa kama tatizo wamekuwa walinzi.

Sisemi Ruvubu ifutwe. Bila hiyo nyika ile ingekuwa imelimwa yote. Nasema mpaka ni mwanzo wa kazi. OBPE, ofisi ya serikali yetu ya kulinda mazingira, na wabunge waanze na haya: fidia ya mifugo inayolipwa upesi na kwa bei ya soko, ajira ya kung'oa mitego kwa vijana wa vilima vinavyopakana na hifadhi, msaada wa mazizi imara, na sehemu ya mapato iliyoandikwa katika sheria. Mpaka hayo yatimie, asije mtu kutuahidi simba kutoka ng'ambo. Chui tuliye naye ndiye mtihani wetu, na atakayeamua kama tumefaulu ni jirani yake.