Maswali ya Vijana Kuhusu Mungu Yasizimwe

Wazazi wengi hulalamika kwamba mtoto aliyekuwa mstari wa mbele kanisani au madrasani, akishafika miaka 14 au 15 huanza kuuliza maswali yasiyopendeza. Mbona tulimwombea nyanya na bado akafa? Hapo mzee hukunja uso, na pengine fimbo hutafutwa.

Twaona hiyo si haki. Dini zenyewe zajua kwamba imani hukua na umri. Waislamu huwaamrisha watoto sala wafikapo miaka 7. Nao Wakatoliki, tangu amri ya Papa Pius wa Kumi mwaka 1910, huwapa komunyo ya kwanza karibu umri uo huo. Mtoto huyo husadiki kisa kama alivyosimuliwa. James Fowler, mtaalamu wa Marekani aliyeandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1981, alieleza kwamba kijana hushika kwanza imani ya wenzake na wakubwa wake, na baadaye ndipo aipime mwenyewe.

Basi anayeuliza hajaasi. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamazishwa, akawa anakuja ibadani kwa kumhofu babake tu. Huyo akishakwenda mjini kutafuta kazi, haonekani tena. Mzazi asiye na jibu na aseme hana, kisha wamwendee padri, mchungaji au maalimu pamoja.