Daftari la Wiki: Albamu za Baada ya Saa Nne Usiku

Juni na Julai, mji wa Mbulu, Tanzania, hulala mapema. Baridi ikishaingia na giza, watu hujifungia ndani, na baada ya saa nne mjini husikii ila mbwa na bodaboda moja moja. Mwenye spika ndogo na blanketi zito basi amsikilize Somi.

Jina lake kamili ni Laura Kabasomi Kakoma, mzaliwa wa Illinois, Marekani, mwenye asili ya Uganda na Rwanda. Hutunga na kuimba jazi mwenyewe. Albamu yake ya mwaka 2017, *Petite Afrique*, inahusu Mtaa wa 116 wa Harlem, New York, ambako wahamiaji kutoka Afrika Magharibi walifungua maduka na kuendesha teksi, mpaka kodi zilipopanda na wao wakaanza kuhama. Hasira imo, ila haifoki. Piano ya Toru Dodo haina haraka, na gitaa la Liberty Ellman huingia pale tu linapohitajika. Hata wimbo wa Sting kuhusu Mwingereza aliyeko New York umebadilishwa mhusika: sasa mgeni ni Mwafrika, na utani wa zamani umekuwa mzito.

*Zenzile* ya mwaka 2022, yenye nyimbo za Miriam Makeba, ni kazi kubwa, lakini ina wageni wengi mno: Gregory Porter, Angélique Kidjo, Ladysmith Black Mambazo. Hiyo ni ya Jumapili mchana.

*

Muziki wa usiku haukuanza na spika: katika Bonde la Yaeda, huko huko Mbulu, Wahadzabe hucheza ngoma ya epeme usiku usio na mbalamwezi, bila moto. Wanaume huingia mmoja mmoja, njuga mguuni, wanawake wakiimba. Asiyeona hulazimika kusikia.

Wairaqw nao wana slufay: mzee hughani, waliokaa naye huitikia, na maneno huelekea kwenye baraka. Mpenzi wa bluzi hatapotea hapo.

*

Katesh, chini ya Mlima Hanang, ukimtajia mzee jazi, huenda akakumbuka Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Ile ilikuwa dansi ya kusimama, viatu vikisaga sakafu. Ya Somi ni ya kukaa.

Isipokuwa *Holy Room*, iliyorekodiwa jukwaani Frankfurt pamoja na bendi kubwa ya redio ya huko, ikatoka 2020 na kuteuliwa kuwania Grammy. Tarumbeta zake hazijui saa. Jirani wa chumba cha pili aombwe radhi mapema.