Wanaoingia City Hall Bila Kuandikwa

Wapangaji wa nyumba za kaunti katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, wakipinga kuhamishwa, hawawezi kujificha. Hukutana barazani, humfuata mwakilishi wao katika bunge la kaunti (MCA), hupeleka ombi lenye majina na sahihi zao. Wasiposikizwa, huandamana. Huo ni ushawishi kamili, na Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinaulinda.

Kuna upande wa pili. Maringo, Bahati, Jericho, Lumumba na Ziwani ni miongoni mwa mitaa ambayo kaunti imepanga kuibomoa ili yajengwe maghorofa kwa ubia na wawekezaji binafsi. Mwekezaji naye ana haki ya kuwaeleza maafisa hoja zake. Lakini Kenya haina sheria ya jumla inayomlazimu yeye, au afisa aliyempokea, kutangaza kwamba walionana.

Mimi nayahesabu kuwa ushawishi mawasiliano yoyote yanayokusudia kugeuza uamuzi wa serikali: kikao, simu, chakula cha jioni, rasimu ya kanuni iliyoandikwa na kampuni kisha ikakabidhiwa karani. Haijalishi aliyeupeleka ni wakili, ni afisa mstaafu au ni rafiki wa mheshimiwa. Mama anayelalamika kuhusu maji taka Kariobangi hashawishi, anadai huduma. Na pesa zikibadilisha mikono, hilo tayari lina jina lake katika Sheria ya Hongo ya 2016.

Uwazi kuhusu mikutano ya aina hii si ndoto ya wasomi. Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 zinataka maafisa wa umma wakutane na kampuni za sigara pale tu inapobidi ili kuzisimamia, tena kwa uwazi. Kampuni ya sigara ya BAT, yenye kiwanda Likoni Road, jirani kabisa na mitaa hii, ilizipinga kanuni hizo hadi ikashindwa katika Mahakama ya Juu Novemba 2019. Ikiwa mapafu yetu yalistahili ulinzi huo, kwa nini paa juu ya vichwa vyetu lisistahili?

Wapo watakaosema Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatosha, kwani inampa afisa siku 21 za kujibu. Haitoshi. Utaombaje kumbukumbu za kikao ambacho hukujua kilifanyika? Jambo la kusikitisha ni kwamba serikali yetu inapokodi washawishi Washington, mikataba yao husomeka hadharani kwa sababu sheria ya Marekani ya 1938 inadai isajiliwe. Mkenya anaweza kujua nani anamsemea ng'ambo asijue nani ameusemea mtaa wake City Hall, makao ya kaunti.

Pingamizi lenye uzito ni moja: sajili ya washawishi inaweza kuwatisha wanyonge. Chama cha wapangaji kikidaiwa fomu na ada, kitanyamaza, na kampuni yenye mawakili itajaza fomu hizo asubuhi moja. Kwa hiyo mzigo usiwe wa raia. Uwe wa afisa. Kila anayeamua kuhusu ardhi, mipango ya jiji na nyumba aandike amekutana na nani, kwa niaba ya nani, kuhusu kiwanja kipi. Orodha hiyo ibandikwe katika ofisi ya wadi kabla ya kikao cha maoni ya umma, ili mpangaji anaposimama kusema ajue hoja ya nani imeshatangulia.