Uraia Mpya na Jina la Zamani

Mjini Busia mpaka umepita katikati ya jamaa. Upande wa Kenya yuko Wafula, na upande wa Uganda yuko Wafula mwingine. Wote wawili walizaliwa majira ya mvua, na hakuna askari wa zamu awezaye kuwatenga kwa kusikia majina yao. Huko Malaba, katika njia ya Tororo, hali ni hiyo hiyo kwa akina Opio na Odongo, ambao ni pacha, na Okello awafuataye. Majina hayo ni ya kale kuliko mpaka. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya wakati huo wakautia katika nchi ambayo leo ni Kenya, na wajukuu wa ukoo mmoja wakawa raia wa nchi mbili.

Basi mtu wa mpakani aombaye uraia wa tajnisi asidhani kwamba lazima ajibandike jina geni. Sheria ya Uganda humtaka awe amekaa nchini jumla ya miaka 20, ajue lugha na awe na mwenendo mwema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hutaja miaka saba mfululizo ya ukaaji halali. Jina jipya si sharti kwa upande wowote.

Hata hivyo, wako wanaopenda kubadili jina, ama kwa ajili ya ndoa, ama ya dini, ama ya kumheshimu mzee aliyewalea. Hiyo ni haki yao. Ubaya ni kubadili kwa mdomo tu, au kumwachia karani aandike apendavyo.

Na afikiriwe mke wa polisi aishiye Tororo, aliyezaliwa upande wa Kenya. Cheti chake cha shule humwita Nekesa. Cheti cha ndoa kina jina la ubatizo. Hati ya uraia ameiombea kwa jina la mumewe. Maadamu mume yu hai, hakuna amwulizaye neno. Siku mume atakapofariki, mama huyo atafika kudai pensheni akiwa na nyaraka za wanawake watatu, na ni juu yake kuthibitisha kwamba wote ni yeye. Hapo watoto hukosa karo, na ndugu wenye tamaa hupata mwanya wa kusema kwamba hawamjui.

Dawa ni kufuata njia ya sheria, ambayo huacha daraja kati ya jina la kwanza na la pili. Nchini Kenya mtu hutia sahihi hati ya kubadili jina, ambayo huandikishwa katika masjala ya hati, kisha hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, majina yote mawili yakitajwa. Nchini Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015 ya uandikishaji wa watu, tangazo katika Gazeti Rasmi hutangulia. Zisipopungua siku saba ndipo mtu apeleke ombi kwa ofisa mwandikishaji.

Yafaa shughuli hizo mbili, ya jina na ya uraia, zisichanganywe. Ni vyema jina litengenezwe kwanza, ili hati ya uraia, kitambulisho na pasipoti vitoke na jina moja. Nakala ya Gazeti itunzwe pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Kisha askari apeleke taarifa kikosini, ili jina la mkewe katika daftari la warithi lisahihishwe mapema.

Kwa askari mwenyewe lipo jambo zaidi. Ingawa Kenya humruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili, Katiba humkataza mwanajeshi. Kijana wa Busia mwenye hati za pande zote mbili alifikirie hilo kabla ya kwenda kuandikishwa jeshini.

Wazazi waliompa mtoto jina Nekesa walitaka kukumbuka mavuno ya mwaka ule. Anaweza kuliongezea jingine, au kuliacha kabisa. Lakini lisifutwe pasipo maandishi, kwa kuwa ndilo litakalomwonyesha mlangoni siku ya kudai haki ya watoto wake.