Wacheni kutubebesha Python

Wasee mnaotengeneza programu za kompyuta, hebu tuongee. Mkitaka mtumiaji aandike skripti zake ndani ya programu yenu, jibu lenu ni moja: Python. Kwa nini? Ati ndiyo mlifunzwa campus. Mimi niliacha campus, labda ndiyo maana sina hayo mapenzi.

Cheki OBS, ile tunatumia kurekodi na kurusha laivu. Inakubali zote mbili, Lua na Python. Skripti ya Lua unaweka tu, inafanya kazi. Ya Python kwa Windows, lazima kwanza uweke Python yako kwa mashine, halafu uionyeshe OBS iko folda gani. Sasa huyo dogo wa Githurai na laptopu ya mtumba, bando imebaki kidogo, alikukosea nini?

Lua ilitengenezwa 1993 huko PUC-Rio, Brazili, baada ya miaka ya kuingiza vitu vya kompyuta kutoka nje kuwa shida. Ni ndogo, nzima haifiki hata MB 1. Lightroom inaitumia. VLC pia. Na ukiogopa skripti ya mtu iguse faili za mwenyewe, unaanza kwa kutowasha maktaba kama io na os. Jaribu kufungia Python hivyo uone kazi.

Eti Lua inahesabu kuanzia 1. Si hata mama mboga huhesabu nyanya hivyo?

Blender ilichagua Python, sawa, lakini inakuja nayo ndani. Wewe uko tayari kuibeba? Kama hauko, weka Lua uachane na sisi.