Ghuba Ina Wenyewe?



Nilikuwa nimeahidi makala juu ya tenzi za Lamu. Tenzi zimekaa miaka mia mbili na zaidi, zitaweza kungoja toleo moja jingine. Jambo la leo limenikaa kooni tangu Jumamosi ile na nisipolitema litanisumbua.

Jumamosi hiyo nilimchukua mzee mmoja wa Chatsworth, mtu wa miaka themanini na kitu, pamoja na mjukuu wake wa kiume. Mama yake mzee huyu alizaliwa Kings Rest, upande wa Bluff, ng'ambo ya maji. Mzee alitaka jambo dogo tu: kusimama ukingoni mwa ghuba ya Durban, upande wa mjini, amwonyeshe kijana mahali walipokuwa wakiishi wazee wao. Alisema akiwa mtoto waliyaona maji kila asubuhi kabla ya kuona uso wa mtu. Basi tukashuka Margaret Mncadi Avenue (wazee bado wanaiita Victoria Embankment), tukavuka reli, tukafika kwenye lango. Nyuma ya lango milingoti ya boti imesimama kama msitu wa minazi isiyo na makuti.

Askari wa lango alikuwa kijana wa Kongo. Nilimsalimu kwa Kiingereza, akasikia lafudhi yangu, akanijibu kwa Kiswahili. Tulifurahi! Ametoka Bukavu, ana miaka sita hapa. Kisha akashusha sauti: "Papa, bila karte siwezi kuwafungulia. Batanifukuza kazi." Sikumlaumu na wala simlaumu leo. Langoni tulikuwa watu wanne wa Afrika Mashariki kwa asili, mmoja ndani na watatu nje, na hakuna hata mmoja wetu mwenye boti. Mzee alitazama maji kupitia matundu ya waya, akamwonyesha mjukuu kwa kidole, tukarudi garini.

Sasa tuseme.

Wenye boti za starehe wa mji huu wana malalamiko yao, na nimeyasikia mengi, maana baadhi yao ni jirani zangu na ni watu wema. Wanasema ada ya maegesho inapanda. Anayelipia boti kwa urefu wake, mita kwa mita, huona kila ongezeko dogo likizaa fedha nyingi mwisho wa mwaka. Wanasema klabu na marina zimepanga tu kwenye eneo la bandari, mwenye nyumba ni Transnet, na mpangaji asiyejua mkataba wake utakuwaje miaka ijayo hawezi kujenga choo kipya wala kubadilisha gati linalooza. Wanasema pia kwamba wanalipa fedha nzuri kuegesha juu ya maji mabaya. Yote hayo nakubali. Mito mitatu inaingia katika ghuba hii, uMbilo, uMhlatuzana na aManzimnyama, nayo hubeba kila kitu ambacho mji haukukitaka: chupa, plastiki na maji ya vyoo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2022, ambayo yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili na kuharibu mitambo ya maji taka, hata fukwe za baharini zilifungwa kwa miezi. Mtu anayelipa kodi ya maji machafu ana haki ya kupiga kelele.

Lakini kelele zao zote ni za mtu aliye ndani ya lango. Swali lao ni kwa nini aliye ndani analipa kiasi hiki. La mzee wangu liko nyuma zaidi: nani aliyeamua kwamba kuna ndani na nje?

Naomba tukumbushane historia, kwa sababu vijana wetu waliokuja juzi kwa basi kutoka Dar au Lubumbashi hudhani Waswahili ni wageni wa jana katika mji huu. Mwaka 1873, mwaka uleule ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, meli ya kivita ya Kiingereza ilishusha hapa Durban watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa. Wengine wakafuata miaka iliyofuata, wakawa mamia. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja wakaitwa "Zanzibaris", na jina likawaganda. Walifungwa kwanza kwa mikataba ya kazi, kisha wakakaa Kings Rest, kwenye ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wa Grey Street. Wakajenga msikiti, wakazika wafu wao, wakavua samaki. Ghuba ilikuwa ua wa nyumba yao.

Ikaja sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi. Bluff ikatangazwa ya Wazungu. Serikali ilihangaika kidogo na watu hawa, kwani ni Waafrika kwa sura, Waislamu kwa dini, na wana jina la kisiwa, basi mwishowe ikawaandika "Waasia Wengineo". (Anayetaka kucheka acheke. Makaratasi ya enzi hiyo yamejaa vichekesho vya namna hiyo, na kila kichekesho kina watu waliolia.) Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapakiwa kwenye malori hadi Chatsworth, mbali na maji. Wavuvi wakageuzwa watu wa viwandani.

Wakati huohuo klabu za boti zilibaki pale pale. Royal Natal Yacht Club ni ya mwaka 1858, Point Yacht Club ya 1892. Sisemi walimfukuza mtu. Ninasema kwamba wakati wengine wanahamishwa na malori, wao maegesho yao yalikuwa salama, na usalama huo wa muda mrefu ndio uliowafanya leo waone kwamba ghuba ni jambo la mpangaji na mwenye nyumba, wawili tu.

Mtanijibu: hayo ni ya makaburu, yamepita. Sawa, twende mbele. Tarehe 1 Julai 2004 kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari zilianza kutumika dunia nzima, kwa sababu ya hofu iliyotokana na mashambulizi ya New York ya 2001. Bandari zikajizungushia uzio. Hapa Durban walioumia kwanza ni wavuvi wa fimbo na mshipi, wengi wao watu wa Chatsworth, Merebank na vitongoji vingine, watu ambao baba na babu zao walisimama juu ya kuta za mlango wa bandari wakitafuta kitoweo. Wakaambiwa waondoke. Wakaandamana, wakaandika barua, wakaunda jumuiya ya kujitetea, wakahangaishana na wenye bandari miaka na miaka. Hawa wana leseni! Leseni ya kuvua kwa starehe inauzwa posta, mtu yeyote analipa anapewa karatasi. Yaani Jamhuri inakuuzia ruhusa ya kuvua kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili inafunga mahali pa kusimama.

Na boti za starehe? Nazo zilipata adha, sikatai. Mwenye boti anayetaka kwenda bandari nyingine ya nchi hii hujaza fomu na kuzungusha mihuri ofisi hadi ofisi. Ila mwisho wa siku fomu ilipatikana na boti ikatoka. Mvuvi wa mguu hakupewa fomu. Gaidi wa kusafiri kwa boti ya mita kumi na mbili ana muhuri. Mzee mwenye ndoo na chambo ndiye hatari kwa meli ya makontena. Mimi sikusoma mambo ya usalama, labda wenzangu mtanielimisha.

Hoja kubwa inayotolewa dhidi yetu ni ile ya kibiashara: anayetumia ndiye alipe. Maegesho yana gharama, askari ana mshahara, gati lina matengenezo, asiyelipa aingie kwa sababu gani? Hoja hii inaonekana imenyooka mpaka uipeleke upande wa pili wa mji. Tembea dakika ishirini tu kutoka langoni hadi ufukwe wa bahari kuu. Kule, kutoka Blue Lagoon hadi Point, kuna njia ya miguu ya karibu kilomita 8. Kipande chake cha mwisho kilifunguliwa 2019. Kuna vyoo, kuna bomba za kuoga, kuna waokoaji, na hulipi hata senti. Fukwe hizohizo zilikuwa na vibao vya rangi hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na sheria iliyovibeba ilifutwa 1990. Leo Jumapili utakuta Mzulu wa Umlazi, Mhindi wa Phoenix, Mkongo wa Point na Mtanzania wa Albert Park wamelowana maji yaleyale. Gharama inalipwa na manispaa ya eThekwini kutoka kodi za wote, na hakuna aliyesimama kusema kila anayeoga apimwe urefu alipe kwa mita.

Kwa hiyo mji huu unajua kufungua maji. Bahari ya mbele ni ya umma na ghuba ya nyuma ni ya kadi. Sababu ni kwamba ufukwe uko chini ya manispaa na ghuba iko chini ya bandari, na bandari haina wapiga kura. Manispaa nayo imejificha nyuma ya uzio huo kwa raha zake.

Msinielewe vibaya, sisemi kwetu ni peponi. Diko la Unguja au la Bagamoyo mtu hushusha ngalawa bila kadi, lakini ushuru wa samaki upo, na mnadani hakuna mswalie Mtume. Mwalo wa Kirumba kule Mwanza una ushuru wake pia. Kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni mtembea kwa miguu amekata tiketi ya shilingi 200 miaka mingi. Lakini tazameni Likoni, Mombasa. Mwenye gari analipa, mwenye lori analipa zaidi, na anayetembea kwa miguu yake anavuka bure, asubuhi na jioni, yeye na kapu lake. Feri ni hiyohiyo moja, na gharama hawajaifuta. Wameiweka kwa mwenye chombo ili mwenye miguu apite.

Hilo ndilo ninalolitaka Durban. Ada ya maegesho iwepo na ikusanywe, na kwa boti kubwa ya kifahari ambayo mwenyewe huja mara mbili kwa mwaka kuifuta vumbi, iwe kubwa. Lakini kila mkataba wa kupanga ukingo wa ghuba uwe na sharti: kipande cha gati kisicho na kadi, ngazi ya kushukia majini, mteremko wa kushushia mtumbwi au mashua ndogo, choo kinachofunguka na bomba la maji ya kunywa. Na mahali pa kusimama na mshipi. Sehemu ya ada ilipie hayo. Wenye boti wenyewe watafaidika, maana eneo ambalo umma unalitumia lina watetezi wengi siku mkataba unapokwisha. Katika miaka ya 2000, walipotaka kujenga bandari ndogo ya boti pale Vetch's, ufukwe na mwamba wake viliteteliwa kwa sauti kubwa kwa sababu wapiga mbizi, wavuvi na waogeleaji walikuwa wanapajua kwa miguu yao. (Vetch's ni ukuta uliobuniwa na kapteni wa Kiingereza ambaye hakuwahi kufika Durban. Ukashindwa, ukaachwa, na sasa samaki wanaishi ndani yake. Mipango ya maji inayochorwa mbali na maji ina desturi hiyo.) Nani atatetea marina ambayo watu wa mji wameiona kwa nyuma ya waya tu?

Neno langu la mwisho ni kwetu wenyewe, na wengine mtakasirika. Sisi ni watu wa pwani, na wengine wa maziwa makuu. Nyumbani tuliogelea kabla ya kusoma. Tukifika hapa tunakuwa walinzi wa magari ya watu wanaokwenda kwenye boti, tunarudi chumbani Albert Park, tunasema mambo ya maji ni ya Wazungu. Nimewauliza vijana kumi wa jumuiya yetu kama wamewahi kugusa maji ya ghuba. Wawili. Mmoja kati ya hao alianguka.

Transnet hukaribisha maoni ya umma kuhusu mipango ya bandari, na manispaa hutangaza bajeti na mipango yake kila mwaka ili watu waseme. Katika vikao hivyo wenye boti huwa na mwakilishi. Sisi sijatuona. Nimeanza kuandika barua yenye madai niliyoyataja, na Alhamisi baada ya swala ya isha nitakuwa kwenye chumba cha mkutano nikiwa na karatasi ya sahihi. Asiye Mwislamu aje saa mbili na nusu, chai itakuwepo. Yule kijana wa Bukavu ameniambia atakuja kama zamu yake itamruhusu, ila jina lake hataliandika. Mzee wa Chatsworth ameshatia lake. Aliandika pembeni, kwa Kiingereza cha shule ya zamani, "mzaliwa wa Kings Rest", ingawa aliyezaliwa huko kwa hakika ni mama yake.